Sura ya Sita: Musoma Iko Karibu Kuliko Mwanza

Pima kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi uwanja wa ndege wa Mwanza, kwa mstari ulionyooka. Utapata kilomita 852 hivi. Pima tena kutoka hapo hapo hadi uwanja wa ndege wa Musoma. Utapata 846. Mweleze hayo mfanyabiashara wa Mwigobero, Musoma, aliyewahi kwenda Dar kwa ndege, atakucheka. Kila mtu wa Mara anajua kwamba safari ya Dar huanzia Mwanza, na kwamba kufika Mwanza ni safari nyingine inayojitegemea, yenye nauli yake, vumbi lake na uchovu wake.

Hata hivyo hesabu haina kosa. Mwanza imekaa kwenye longitudo ya 32.9, Musoma kwenye 33.8. Hiyo ni karibu digrii nzima, yaani kilomita zinazokaribia 100 kuelekea upande wa pwani. Musoma iko juu zaidi kaskazini, ni kweli, lakini kile inachopoteza kwa kaskazini inakirudisha kwa mashariki, na chenji kidogo inabaki. Kwa rubani aliyeko Dar es Salaam miji hii miwili iko umbali mmoja. Kwa abiria, kati ya mji mmoja na mwingine kuna siku nzima ya kazi.

Tuanze na umbali kati ya viwanja hivyo viwili vya ziwa. Musoma kwenye tiketi huandikwa MUZ, Mwanza MWZ, na kati yao kuna kilomita 142, au maili 77 za anga kwa wanaohesabu kama mabaharia. Mstari wake unatoka mjini Musoma kuelekea kusini-magharibi, unapita nchi ya Majita, unaruka vidole vya maji vinavyoingia nchi kavu, unavuka mdomo wa Ghuba ya Speke na kushuka Ilemela, kando ya ziwa. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, inayokwenda kilomita 300 hivi kwa saa, huhitaji kama nusu saa angani. ATR yenye mapangaboi, ambayo hufikia kilomita 500 kwa saa, haipati hata nafasi ya kutulia kwenye mwinuko wake: imepanda, imenyooka kidogo, inaanza kushuka. Ukiongeza dakika za kutambaa kwenda mwanzo wa njia ya kurukia na zile za kwenda kuegesha, ratiba itaandika dakika 40, ndege iwe ya kasi au ya polepole. Kwenye masafa mafupi kasi ya injini haisaidii sana. Programu za kwenye simu zinazokokotoa muda wa safari kati ya kiwanja na kiwanja hufanya karibu hivyo hivyo: zinagawanya umbali kwa kasi ya ndege, kisha zinaongeza nusu saa. Jibu linakuja safi kabisa. Kama siku hiyo kuna ndege au hakuna, hilo halizihusu.

Barabara haiwezi kufuata mstari huo, kwa sababu Ghuba ya Speke imeingia nchi kavu kuelekea mashariki mpaka inakaribia kugusa Serengeti. Basi la Mwanza likitoka Musoma linakwenda kwanza upande usio wake. Linapanda hadi Makutano, ambako barabara ya Butiama na Mugumu inachepuka. Linashuka Kiabakari, linaingia Bunda, na hapo linafuata pindo la hifadhi kupita geti la Ndabaka, ambako nyani hukaa kando ya lami wakingoja maganda ya ndizi. Ndipo Lamadi, ndipo Magu, ndipo Kisesa. Kilomita 142 zimekuwa 220 hivi. Anayetaka kukata kona anaweza kutoka Bunda kwenda Kisorya, akavuka kwa kivuko hadi Rugezi, Ukerewe, na kutoka Nansio akapanda meli ya Mwanza. Kwenye ramani njia hiyo inavutia sana. Anayeifuata mara nyingi ni mtu mwenye ndugu Ukerewe.

Kilomita 220 za lami si nyingi. Lakini basi halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kila penye makazi kibao kinasema 50. Kati ya Musoma na Mwanza makazi hayaishi: ukimaliza mji unaingia senta, ukimaliza senta unakuta shule na kivuko cha watoto, na baada ya shule kuna trafiki mwenye tochi yake. Bunda basi linasimama. Lamadi linasimama tena, na madirishani zinainuliwa chupa za maji, karanga na mayai ya kuchemsha yenye pilipili na chumvi kwenye kipande cha gazeti. Saa nne za safari ni makadirio ya mtu mwenye matumaini ya wastani.

Mwigobero ni mahali pazuri pa kuona jinsi muda unavyopimwa na watu wasio na haja ya maili za anga. Kata hii iko ufukweni mwa mji wa Musoma, na humo mna soko, mwalo wa samaki na gati ya kivuko cha Kinesi. Kinesi iko Rorya, ng'ambo ya ghuba, na siku isiyo na ukungu mabati yake unayaona yaking'aa. Mtu wa Kinesi mwenye shida mjini anahesabu kivuko. Kikiwa kizima, Musoma iko pale. Kikiwa na hitilafu, anachagua mtumbwi wenye injini au anazunguka kwa gari hadi Daraja la Kirumi, juu ya Mto Mara, kisha Makutano, ndipo aingie mjini. Umbali wa maji haujabadilika hata hatua moja, ila Musoma imehamia mbali tangu jana yake. Ukimuuliza ni kilomita ngapi atafikiri kidogo. Ukimuuliza kivuko kinaondoka saa ngapi, atakujibu hata kabla hujamaliza swali.

Mwone sasa abiria wa Dar anayekaa Mwigobero. Tiketi yake inasema ndege inaondoka Mwanza saa tisa alasiri na kutua saa kumi na nusu. Anaamka usiku. Saa kumi na moja alfajiri yuko juu ya bodaboda kwenda stendi ya Bweri, begi limekaa kati yake na dereva. Basi la kwanza linaondoka saa kumi na mbili, au linasema linaondoka. Saa nne na kitu, mambo yakienda vizuri, ameshuka ukingoni mwa jiji la Mwanza, na bado hajafika anakokwenda: uwanja uko upande wa pili, kaskazini mwa jiji, na kutoka huku kwenye stendi ni daladala mbili au bajaji moja ya bei ya mgeni. Saa tano na nusu yuko getini. Amewahi mno, na anajua amewahi mno. Angeweza kulala zaidi akapanda basi la saa mbili, lakini basi likipata pancha Magu hakuna atakayemrudishia nauli ya ndege. Kwa hiyo kila msafiri wa Mara hununua, pamoja na tiketi yake, saa mbili au tatu za tahadhari, na saa hizo huzitumia kwa kukaa kwenye benchi na kunywa soda ya bei ya kiwanjani. Ndege inaruka. Saa kumi na moja jioni anatoka nje Dar es Salaam akiburuta begi.

Amesafiri saa kumi na mbili, na saa moja na nusu tu kati ya hizo amekuwa angani. Gawanya kilomita 846 kwa saa hizo na kasi yake ni kilomita 70 kwa saa. Amelipia ndege ya jeti inayopita kilomita 800 kwa saa, akasafiri kwa mwendo ambao basi la Bweri lingepigwa tochi na kuachiwa liende zake. Jirani yake wa Mwanza, anayekaa Nyamanoro, alitoka nyumbani saa saba mchana baada ya kula, akapanda ndege hiyo hiyo, akashuka naye pamoja. Yeye saa zake ni nne.

Kinachofanya tofauti hiyo ni njia ya kurukia. Mwanza ina njia ya lami yenye urefu unaozidi mita 3,000, inayotosha ndege yoyote ambayo Air Tanzania ingependa kuileta. Njia ya Musoma ilikuwa ya changarawe kwa miaka mingi, urefu wake kama mita 1,600, katikati ya mji, huku nyumba zikiwa zimeukaribia uwanja. Kazi kubwa ya kuupanua na kuuwekea lami iliingia katika mipango ya Serikali na kuanza mwanzoni mwa miaka ya 2020, lakini mji ukishaufikia uwanja, kila mita unayoongeza ina mwenye nyumba anayetaka fidia.

Mita 1,600 zinaonekana kuwa nyingi. ATR 72 iliyojaa, ikiwa pwani, huhitaji mita 1,300 na kitu ili iruke kwa usalama; ile Q400 ya Air Tanzania kama 1,400; A220 kama 1,900. Lakini hizo ni hesabu za Dar es Salaam, usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko mita zaidi ya 1,130 juu ya bahari, na hewa ya hapo ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar. Mabawa hupata cha kushikia kidogo, injini huvuta hewa kidogo, na ndege inalazimika kukimbia zaidi kabla haijanyanyuka. Ongeza joto la saa nane mchana, ambalo nalo huipunguza hewa. Ongeza changarawe, ambayo haikupi kasi kama lami na hurusha vijiwe vinavyokula mapangaboi. Mita 1,600 zako zinabaki za kubana. Hapo mwenye shirika ana njia moja ya haraka: apunguze uzito. Uzito ni abiria, mizigo na mafuta. Na kama uwanja unaotua hauna mafuta ya kujaza, inabidi uje na ya kwenda na ya kurudi, kwa hiyo kinachopungua ni abiria. Shirika likiruka na viti vitupu kwa sababu ya fizikia, halitaruka muda mrefu. Precision Air iliwahi kuwa na Musoma kwenye orodha ya vituo vyake. Haikuwa peke yake kuanza, wala haikuwa peke yake kuacha.

Ziwa lenyewe nalo lina masharti. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, pepo hutiririka kuelekea ziwani na kukutana katikati, na mawingu ya radi huinuka huko na kusukumwa magharibi, ndiyo maana Bukoba huamka na mvua nzito. Upande wetu wa mashariki hupata sehemu yake zaidi mchana na jioni, nchi kavu ikishapata joto. Novemba 6, 2022, asubuhi, ATR 42 ya Precision Air iliyotoka Dar ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 kati ya 43 waliokuwamo walifariki. Tangu siku hiyo, ukisikia rubani akitangaza kwamba wanazunguka kusubiri hali ya hewa, husikii mtu akinung'unika kwenye kiti chake. Dakika ishirini za kuzunguka zinaharibu ratiba, na ziharibu.

Inashangaza kidogo kwamba ndege zilianza kupita huku mapema sana. Februari 28, 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilifungua safari ya kila wiki kutoka London, na mwisho wake barani Afrika haukuwa Nairobi wala Dar es Salaam. Ulikuwa Mwanza. Kutoka Khartoum kuja kusini walitumia ndege za kuelea majini, zilizotua ziwani Kisumu na kisha Mwanza. Ukichora mstari kati ya miji hiyo miwili unapita juu ya maji, kilomita 17 hivi magharibi ya Musoma. Kwa hiyo huenda wavuvi wa hapa waliona ndege ya Ulaya kabla watu wengi wa Afrika Mashariki hawajaona gari. Ndege yenyewe haikuhitaji njia ya kurukia, kwa kuwa ziwa zima lilikuwa uwanja, na bado haikusimama Musoma. Barua za London zilifika Mwanza kwanza.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1934, mtoto wa Chifu Nyerere Burito aliondoka Butiama kwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12. Wanaosimulia maisha yake huandika kwamba ni maili 26 na alitembea. Kwa mwendo wa mtoto aliyekakamaa hizo ni saa tisa au kumi za njiani. Leo uwanja mkubwa kuliko vyote nchini una jina lake, na mtu wa Butiama anayetaka kuufikia kwa kupitia Mwanza anahitaji muda mrefu kuliko ule. Sisemi hivyo kwa kejeli. Mwalimu Nyerere alizikwa Butiama Oktoba 23, 1999, na kila Oktoba 14, siku ya kumbukumbu yake, inapokaribia wageni wakubwa huja kijijini. Ndipo watu wa Musoma hukumbuka kwamba mjini kwao kuna uwanja wa ndege.

Kama ungeifuta mipaka, ramani ya Musoma ingekuwa nyingine kabisa. Kisumu iko kilomita 188 kwa mstari wa anga, Entebbe 228, Nairobi 348. Dodoma, makao makuu ya nchi, iko kilomita 560. Mji mkuu wa nchi jirani uko karibu kuliko mji mkuu wetu kwa zaidi ya kilomita 200. Wazee wanaokumbuka meli za Jumuiya ya kwanza hawahitaji kuambiwa. Meli ya Victoria ilizunguka bandari za nchi tatu na Musoma ikiwa kituo kimojawapo, na mabehewa ya reli yalivushwa kwa meli kati ya Kisumu na gati za Musoma na Mwanza. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Musoma haikusogea mahali, ila ilijikuta imekuwa mwisho wa njia wakati hapo kabla ilikuwa katikati yake. Viwanja vyetu vya ndege vimejengwa kwa mantiki ya baada ya 1977: kila mstari unaelekea Dar es Salaam.

Samaki ndiye anayefahamu jambo hili kuliko abiria, maana abiria haozi. Mwaloni Mwigobero sangara hushushwa asubuhi, hutupwa kwenye mizani, mwenye daftari anaandika kilo, na kabla jua halijapata makali amefunikwa barafu. Kutoka hapo saa zake zinahesabika. Minofu ya sangara wa ziwa hili ilisafirishwa kwa ndege za mizigo kutoka Mwanza kwenda Ulaya, biashara iliyosikika duniani kote baada ya filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004. Ndiyo hesabu ya soko: samaki aliyevuliwa mbele ya Musoma, akachinjwa karibu na uwanja wa Musoma, anapandishwa lori kwenda kutafuta ndege mahali pengine, huku barafu ikilipiwa kila kilomita. Mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara vinavyokaushwa na kuuzwa China kwa bei inayozidi ya minofu mara nyingi, ni mepesi mno. Gunia moja lingelipia viti kadhaa vya ndege ndogo. Mwenye mabondo hulalamika kidogo kuliko mwenye minofu, kwa kuwa kitu kikavu husubiri basi.

Watu wakizungumzia uwanja wa Musoma huzungumza kana kwamba lami ikishakauka mambo yamekwisha. Lami ni ruhusa tu. Ndege inafuata abiria, na ATR 72 ina viti 70 hivi vya kujaza, kwenda na kurudi, siku ya jua na siku ya mvua. Mji ambao watu wake wamezoea kwenda Mwanza kwa basi hauonekani kwenye takwimu za shirika la ndege: abiria wote wa Musoma wameandikwa kama abiria wa Mwanza. Meneja wa ratiba aliyeko Dar akiangalia kompyuta yake anaona Mwanza ina watu wengi na Musoma haina mtu, hivyo anaongeza ndege Mwanza, na mtu wa Mwigobero akiona Mwanza kuna ndege nyingi zaidi na nauli nafuu zaidi, anazidi kwenda Bweri.

Njia ambayo mashirika huipenda katika hali hiyo ni ya pembetatu: ndege itoke Dar, iguse Mwanza, ishushe na kupakia, kisha iende kumalizia Musoma na kurudi moja kwa moja. Hapo shirika halibahatishi viti 70 vya mji mmoja. Lakini tazama inavyomfanya abiria wa Musoma akienda nyumbani. Anaruka kilomita 852 hadi Mwanza, anakaa ndani ya ndege nusu saa mkanda ukiwa umefunguliwa huku wenzake wakishusha mabegi, kisha anaruka 142 nyingine. Jumla ni kilomita 994 kwenda mji ulioko kilomita 846. Akifika atakuwa ametumia kama saa tatu na nusu tangu Dar kwa ndege ya mapangaboi, na kutoka uwanjani hadi Mwigobero atahitaji dakika chache za bodaboda. Nimewauliza watu kadhaa sokoni kama wangeikubali safari ya namna hiyo, na hakuna aliyeuliza habari za kilomita. Waliuliza nauli, na kama ndege itakuwepo Jumatatu.